Shekhar Mehta: Mzaliwa wa Kampala aliyeipandisha Datsun chati

KUTOKA mjini Mbarara hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ni mwendo wa kilomita 60 hivi. Katika barabara za huko, msafiri hashangai kupishana na pikapu kuukuu ya Datsun, rangi imekwisha, bodi imejaa viraka, na nyuma imesheheni mikungu ya matoke. Magari ya namna hiyo huuzwa na kununuliwa kimya kimya, kati ya mtu na mtu, na soko lake kwa kawaida limelala. Mnunuzi hana haraka. Mwenye haraka ni muuzaji.

Mara nyingi muuzaji ni mtu aliyekwishapewa tarehe. Amepata nafasi ya kurejea kwao Congo, Burundi au Rwanda, au ameitwa kwenda kuanza maisha mapya nchi ya mbali, na gari hawezi kulipakia kwenye mizigo. Madalali wakishaijua tarehe hiyo, mazungumzo ya injini na tairi yamekwisha. Kinachobaki ni kuhesabu siku. Leo watataja bei moja, wiki ijayo watataja nusu yake, na siku ya mwisho watangoja nje ya ua.

Kati ya watu wanaopatana bei kwa namna hii, ni wachache wanaokumbuka kwamba jina la Datsun lilipata heshima yake Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa kupitia kwa mtu aliyezaliwa Uganda, na aliyeiacha nchi hiyo katika mwaka ambao maelfu ya watu waliyatupa magari yao kwa bei ya bure. Mtu huyo ni marehemu Shekhar Mehta, bingwa mara tano wa mbio za magari za Safari.

Mtoto wa ukoo wa sukari

Mehta alizaliwa Kampala tarehe 20 Juni 1945. Alitoka katika ukoo wa Mehta, mmoja wa koo tajiri za Wahindi wa Uganda, ambao jina lake limefungamana na mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha Lugazi kilichoanzishwa mwaka 1924. Kwa hiyo tuliseme mapema: huyu hakuwa mtoto wa shida. Gari la kujifunzia hakuliazima, na alipoanza mashindano akiwa na umri wa miaka 21 alianza na BMW.

Mashindano aliyoyatamani yalikuwa yale ya Pasaka. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hazikukimbiwa katika uwanja wala barabara iliyofungwa. Madereva walikwenda maelfu ya kilomita, usiku na mchana, kwenye barabara zile zile za mabasi, ng'ombe na watoto wa shule, tena katika msimu wa mvua za masika. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mwaka 1968 yakafika saba tena.

Wazungu wa viwanda walikuja hapa kujaribu magari yao, na wengi waliumbuka. Mwaka 1964 Wamarekani walileta kikosi cha Mercury Comet, magari mapana yenye injini za silinda nane. Huo ulikuwa mwaka ambao huko kwao Pontiac GTO na Ford Mustang zilikuwa zinaanza kuuzwa, na vijana wa Marekani walikuwa wanaambiwa kwamba injini kubwa ndiyo kila kitu. Tope la Afrika Mashariki halikuambiwa hivyo. Comet nyingi ziliishia njiani, na ushindi ukaenda kwa gari dogo la Ford Cortina lililoendeshwa na Peter Hughes wa Kenya.

Wajapani waliliona hilo na wakajipanga. Datsun zao zilikuwa rahisi kufungua na kufunga, chini zilikuwa ngumu, na fundi wa kawaida aliweza kuzirudisha barabarani. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda Safari kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata alishinda tena, safari hii kwa gari jipya la Datsun 240Z, lenye injini ya silinda sita ya lita 2.4. Aliyemfuata katika nafasi ya pili, naye akiwa na 240Z, alikuwa kijana wa Kampala, Shekhar Mehta, akielekezwa na Mike Doughty. Alikuwa na miaka 25.

Siku tisini

Mwaka huo huo wa 1971, mwezi Januari, Jenerali Idi Amin alikuwa ameshaipindua serikali ya Milton Obote. Tarehe 4 Agosti 1972, akiwahutubia askari mjini Tororo, Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda. Walipewa siku 90, na siku ya mwisho ikawa tarehe 8 Novemba.

Hapa ndipo mfanyabiashara wa leo anapopaswa kusimama kidogo, maana ni nadra soko zima la magari kuanguka kwa amri ya mtu mmoja. Watu kiasi cha 50,000 walitakiwa kuondoka kwa pamoja. Familia iliruhusiwa kutoka na fedha kidogo mno, pauni 50 hivi. Wenye maduka, karakana na nyumba wote walikuwa wauzaji kwa siku moja. Wanunuzi wenye fedha taslimu walikuwa wachache, kwa sababu wengi wa waliokuwa na fedha taslimu ndio hao hao waliokuwa wanafukuzwa. Amri za serikali zikawataka waorodheshe mali zao, kwa hiyo hata aliyetaka kununua alijiuliza kama karatasi za gari zitamsaidia kesho au zitampeleka korokoroni.

Halafu kulikuwa na jambo baya kuliko yote kwa muuzaji: mnunuzi alijua kwamba akisubiri, gari litaachwa. Ndivyo ilivyokuwa. Mercedes, Peugeot, Datsun na Volkswagen ziliuzwa kwa bei ya redio, na nyingine ziliachwa kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe, wenyewe wakapanda ndege. Kulikuwa na vizuizi vya askari barabarani, na aliyefika na saa yake mkononi na pete yake kidoleni alihesabu kwamba amefika salama.

Mbarara nayo haikuwa pembeni ya mambo hayo. Katikati ya siku hizo 90, tarehe 17 Septemba 1972, wapiganaji wa upande wa Obote walivuka kutoka Tanzania na kuishambulia kambi ya jeshi ya Simba mjini humo. Shambulio lilishindwa, na msako wa kulipiza kisasi ukaanza. Wenye maduka wa Kihindi mjini Mbarara, waliokuwa wakipima siku zao zilizobaki, wakajikuta wanazipima huku risasi zinalia. Katika hali hiyo hakuna anayejadiliana bei ya gari.

Kwa upande wa Nakivale, wakati huo makazi yalikuwa tayari na zaidi ya miaka kumi. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao. Wao walikuwa wamekwishayapitia: nao waliacha nyumba na ng'ombe, nao walihesabu siku. Tofauti ni kwamba hawakuwa na jamaa Nairobi wala London wa kuwapokea.

Shekhar Mehta alikuwa nao. Familia yake iliondoka Uganda, kiwanda cha Lugazi kikaangukia mikononi mwa serikali, na yeye akafanya maskani Kenya. Tusimfanye kuwa masikini, hakuwa masikini. Lakini alikuwa na miaka 27, na nchi aliyozaliwa ilikuwa imemwambia kwamba si kwake.

Maduka, karakana na magari yaliyoachwa yaligawiwa kwa askari na watu wa karibu na utawala. Hao ndio waliokuja kuitwa mafuta mingi. Walioyapata magari hayo kwa bure walidhani wametajirika, lakini gari ni mnyama anayekula spea. Bidhaa zilizokutwa kwenye rafu zilipoisha hapakuwa na wa kuagiza nyingine, na magari mengi yakasimama juu ya mawe kwa kukosa betri au klachi. Gari la bure likawa chuma chakavu. Biashara iliyobaki hai ikawa ya magendo, na mipaka ya kusini magharibi, kuelekea Tanzania na Rwanda, ikawa na shughuli nyingi usiku kuliko mchana.

Miezi mitano baadaye

Pasaka ya mwaka 1973 iliangukia tarehe 22 Aprili. Tangu siku ya mwisho ya Amin ilikuwa imepita miezi mitano na nusu. Mehta alianza Safari ndani ya Datsun 240Z, na pembeni yake alikaa mwelekezi Lofty Drews. Mwaka huo ndio ubingwa wa dunia wa watengenezaji magari ulioanza, na Safari ilikuwa moja ya mashindano yake. Kwa maneno mengine, viwanda vilikuwa vinatazama.

Baada ya zaidi ya kilomita 5,000, wawili walifika wakiwa sawa kabisa kwa dakika za adhabu: Mehta, na Msweden Harry Källström, naye akiwa ndani ya Datsun ya aina nyingine. Ilibidi kanuni ya kuwatenganisha itumike, na kanuni ikampa Mehta. Ushindi mwembamba kiasi hicho haujawahi kusahaulika katika historia ya mbio hizo. Mtu aliyepoteza nchi alikuwa bingwa wa Afrika Mashariki.

Kwa Datsun, ilikuwa tangazo lisilonunulika. Mteja wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala hakuwa na uwezo wa kununua 240Z, lakini alijua kwamba Datsun 1200 au 120Y ya duka la mjini ilitoka katika kiwanda hicho hicho. Wafanyabiashara wa magari wanajua kwamba gari likishashinda Safari, muuzaji hana haja ya kueleza habari za shokomzoba.

Miezi sita baadaye likaja jambo lililoumaliza kabisa ubishi wa injini kubwa na ndogo. Mwezi Oktoba 1973 ilizuka vita ya Waarabu na Israel, nchi za Kiarabu zikazuia mafuta, na bei ya pipa ikapanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Huko Marekani, magari ya misuli, yale ya silinda nane yaliyokuwa ndoto ya vijana, yalianza kuuzwa kwa hasara. Mtu alikuwa na gari la kutamanika ambalo hakuna aliyetaka kulijaza tangi. Wakati huo huo watu walipanga foleni kwa magari madogo ya Kijapani. Anayeuza gari katika soko lililolala ajue kwamba si kila mara kosa ni la gari lake.

Uganda ilikuwa na kituko chake. Mwezi Julai 1975, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokutana Kampala, Amin mwenyewe aliingia katika mbio za magari zilizoandaliwa kwa ajili ya mkutano huo. Aliendesha Citroën yenye injini ya Maserati, na mwelekezi wake alikuwa Sarah, aliyekuwa mkewe mpya. Dereva bora aliyewahi kuzaliwa Kampala hakuwapo kushindana naye.

Aprili 1979

Baada ya 1973 Mehta hakushinda Safari kwa miaka sita. Aliyetamba katika kipindi hicho alikuwa Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1974 na 1976 juu ya ushindi wake wa 1965. Safari yenyewe ilikuwa imebadilika: uhusiano wa nchi tatu za Afrika Mashariki ulikuwa umeharibika, na mbio zikawa zinafanyika ndani ya Kenya tu.

Kisha vikaja vita vya Kagera. Majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Uganda, na mwezi Februari 1979 wakaiteka Mbarara. Mji ulivunjwavunjwa vibaya, na wazee wa pale bado wanaonyesha mahali palipokuwa na majengo. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka na Amin akakimbia.

Safari ya mwaka huo ilikuwa ya Pasaka, na Pasaka ilikuwa tarehe 15 Aprili. Yaani katika siku zile zile ambazo Waganda walikuwa wanacheza ngoma barabarani, Shekhar Mehta alikuwa kwenye vumbi la Kenya na Mike Doughty, ndani ya Datsun 160J. Wapinzani wake wakubwa walikuwa Mercedes-Benz, waliokuja na 450 SLC, gari la kifahari lenye silinda nane na injini ya lita 5. Walileta ndege, mafundi na fedha. Gari la Mehta lilikuwa na silinda nne, umbo la gari la mwalimu wa sekondari. Mercedes ya Hannu Mikkola ilimaliza ya pili. Datsun ilimaliza ya kwanza.

Wengi humtaja Mehta kwa ushindi wa 1973 kwa sababu ya zile dakika zilizolingana. Mimi naona huu wa 1979 ndio mkubwa zaidi. Ule wa kwanza alishinda kwa kanuni. Huu alishinda dhidi ya kampuni kubwa kuliko yake, kwa gari ambalo mtumishi wa kawaida angeweza kulitamani bila kuonekana mwendawazimu.

Akashinda tena mwaka 1980, na tena 1981. Miaka yote miwili aliyemaliza nyuma yake alikuwa mwenzake wa timu, Rauno Aaltonen wa Finland, dereva hodari ambaye Safari ilimnyima ushindi maisha yake yote. Mwaka 1982 Mehta akashinda kwa mara ya nne mfululizo na ya tano kwa jumla, akimwacha nyuma Mjerumani Walter Röhrl, aliyekuwa bingwa wa dunia mwisho wa mwaka huo. Hakuna mwingine aliyewahi kushinda Safari mara nne mfululizo. Idadi ya mara tano ilikuja kufikiwa miaka mingi baadaye na Mkenya Carl Tundo.

Mwaka 1982 una uso mwingine, na msomaji wa Nakivale au Mbarara hawezi kuupita. Obote alikuwa amerudi madarakani tangu uchaguzi wa Desemba 1980, na serikali ilikuwa inawaita wenye viwanda wa Kihindi warudi kuvifufua. Ukoo wa Mehta ulirejea Lugazi. Sheria ya mali zilizonyang'anywa, inayobeba mwaka 1982 katika jina lake, iliweka njia ya Waasia waliofukuzwa kudai nyumba na biashara zao.

Mwezi Oktoba wa mwaka huo huo, watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa kutoka vijiji vya Mbarara na maeneo mengine ya Ankole. Nyumba zilichomwa, ng'ombe zikachukuliwa. Makumi ya maelfu walikimbia, baadhi kuelekea mpaka wa Rwanda, wengine wakasongamana katika makazi ya Nakivale na Oruchinga. Wengi wao walikuwa wameishi pale miaka mingi, na wengine walizaliwa pale. Aliyewahi kuuza ng'ombe wa maziwa kwa bei ya mbuzi kwa sababu moshi unaonekana kilima cha pili, huyo hahitaji kuelezwa habari za Waasia na magari yao ya Entebbe. Serikali moja, mwaka mmoja, ilifungua mlango wa mbele na kuwasukuma wengine kupitia wa nyuma. Wale wa mlango wa mbele walikuwa na hati za mali zao. Wale wa mlango wa nyuma wengi hawakuwa na karatasi yoyote.

Jangwa la Misri

Mehta hakukimbia Afrika Mashariki tu. Aliendesha katika mashindano ya dunia sehemu mbalimbali, na mara nyingi aliyekaa kiti cha mwelekezi alikuwa mkewe, Yvonne. Wanandoa ndani ya gari moja la mashindano, mmoja akisoma njia na mwingine akiifuata, ni jambo ambalo wengi wetu hatuliwezi hata kutoka Mbarara hadi Kabale.

Mwaka 1987 alikuwa na kikosi cha Peugeot, akaendesha Paris-Dakar na kumaliza katika nafasi za juu. Mwaka huo huo, katika mbio za Mafarao huko Misri, alipata ajali mbaya jangwani. Aliumia sana, akalazwa kwa muda mrefu, na udereva wake wa mashindano ukaishia hapo. Alikuwa na miaka 42.

Hakuuacha mchezo. Aliingia katika uongozi wa shirikisho la magari la dunia, FIA, na kuwa mkuu wa kamati yake ya mashindano ya ubingwa wa dunia. Katika kipindi hicho alishuhudia Safari, mbio zilizomjenga, zikikosa fedha na mpangilio hadi zikaondolewa katika kalenda ya dunia baada ya mwaka 2002. Zilirejeshwa mwaka 2021, zikikimbiwa pande za Naivasha. Mehta hakuliona hilo. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006 baada ya kuugua, akiwa na umri wa miaka 60.

Datsun sokoni

Je, magari yake yana bei gani leo? Jibu linategemea ni Datsun ipi na iko wapi. Mwezi Januari 2020, Datsun 240Z ya mwaka 1971, iliyotunzwa kama mpya, iliuzwa kwa mnada nchini Marekani kwa dola 310,000. Habari hiyo ilizunguka, na tangu hapo kila mwenye Datsun iliyolala chini ya mwembe anadhani amelalia dhahabu. Asidanganywe. Gari lile lilikuwa na kilomita chache na rangi yake ya kiwandani, na 240Z nyingine nyingi huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Pikapu ya matoke haimo kabisa katika mnada huo. Bei yake inatokana na kazi inayofanya wiki hii.

Lakini kuna mambo yanayoibeba. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda imezuia kuingiza magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15, kwa hiyo Datsun zilizomo nchini ndizo hizo hizo, na kila moja inayokatwa kwa ajili ya chuma hupunguza idadi. Anayetafuta 160J au SSS nzima, yenye injini yake na sahani yake ya namba, hawezi tena kuiagiza Japani. Atakuja kuitafuta kwenye ua wa mtu.

Anayenunua ili avuke nayo mpaka akumbuke usukani. Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto, lakini Rwanda, Burundi na Congo huendesha upande wa kulia, na gari la usukani wa kulia huko hupungua thamani au huleta maswali. Anayerejea Rwanda au Burundi afanye hesabu hiyo kabla, si akiwa kwenye foleni ya forodha. Na yeyote anayenunua kwa mtu anayeondoka alinganishe namba ya chesisi na kadi ya gari wakati mwenye kadi bado yupo. Wengi waliopata magari ya 1972 kwa bei ya redio walikuja kuulizwa karatasi miaka kumi baadaye, na hawakuwa nazo.

Kwa upande wa muuzaji, kitu cha kuuza mapema ni gari, na kitu cha kuficha hadi mwisho ni tarehe. Akiweza, amwachie jamaa anayebaki kadi na idhini ya maandishi ili auze polepole, kisha fedha zimfuate. Waasia wa 1972 hawakuwa na nafasi hiyo, kwa sababu karibu kila jamaa waliyemwamini alikuwa amepanda ndege ile ile.

Kuhusu jina lenyewe, kampuni ya Nissan ilitangaza mwaka 1981 kwamba itaacha kulitumia, katikati ya ushindi wa Mehta, na magari yakaanza kuitwa Nissan. Lilifufuliwa miaka ya 2010 kwa magari ya bei nafuu yaliyouzwa India na nchi nyingine chache, likazimwa tena mwaka 2022. Kwenye mlango wa nyuma wa pikapu nyingi za zamani bado limechongwa kwa herufi kubwa, na mafundi wanaopaka rangi upya hulirudishia kwa nyeupe, kwa sababu linaongeza bei kidogo.